Nyapara Kwenye Mstari wa Uji

Nimehamahama sana. Nimepanga chumba Rhonda, nikapanga Kihoto mpaka maji ya ziwa yakanitoa, nikakaa kwa muda karibu na machimbo ya Kariandusi, ambako hata chai ilikuwa na vumbi jeupe. Kila ninakohamia huwa nautafuta uji wa mahindi ulioungua kidogo chini ya sufuria. Bado sijaupata kama ule wa shamba la pareto, upande wa Molo, tulikokulia sisi watoto wa laini katika miaka ya hamsini.

Laini zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa mzungu. Mama zetu walitoka alfajiri kuchuma pareto, na kwa kuwa mtoto mgongoni hupunguza maua kikapuni, memsabu, mke wa mzungu huyo, alitoa banda lililokuwa la ndama tuwekwe humo. Mama mmoja aliyesoma kidogo misheni akaondolewa shambani awe mwalimu wetu. Mgongo wake ulikuwa mbovu. Laini nzima ilijua kwamba akirudishwa kuinama kwenye pareto, hatamaliza msimu.

Na mwenye uwezo wa kumrudisha alikuwa nyapara.

Huyo alikuwa mzee mrefu mwenye koti la jeshi, na kila asubuhi alipita bandani kuonja kama uji umeiva. Alionja kwa bakuli lake mwenyewe, lenye ukubwa wa kofia. Alipomaliza kuonja, watoto wa mwisho waliambulia ukoko. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Kwetu mzee hupakuliwa kwanza, na mtoto husubiri. Ndivyo tulivyofundishwa nyumbani, kabila hili na lile, bila ubishi.

Lakini memsabu alikuwa amemwagiza mwalimu atufundishe kuwa raia wema. Raia wa wapi, hakusema. Baba zetu hawakuweza hata kufika Nakuru mjini bila kibali. Mwalimu akafanya alivyoweza. Raia mwema ananawa mikono kabla ya kula, alituambia. Raia mwema hamruki mwenzake. Mdogo anapakuliwa kwanza, mrefu anakaa nyuma. Tulipimana mgongo kwa mgongo, na mimi, kwa miguu yangu ya korongo, nikawa wa mwisho siku zote. Kila siku mtoto mmoja alivishwa mkanda wa gunia akawa askari wa mstari. Ukiwa na miaka mitano, mkanda wa gunia unamshinda gavana na kofia yake ya manyoya.

Siku ninayoikumbuka, mkanda ulikuwa kwa binti wa mkamuaji ng'ombe, msichana mwenye pengo na sifa ya kung'ata. Nyapara akaingia na bakuli lake.

"Mama, uji umeiva?"

"Umeiva, Mzee," mwalimu akajibu, akashika upawa.

Askari akasimama kati yao. "Umenawa?"

"Nini?"

"Mikono. Onyesha."

Katika maisha yetu mafupi hatukuwahi kusikia mtoto akimwambia mzee aonyeshe mikono. Nilimwona mwalimu akifungua mdomo amkemee msichana. Kisha akaufunga, akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

"Huyu ni mtoto wa nani?" nyapara akauliza.

"Mimi ni askari. Watu wote wananawa. Halafu unaenda nyuma, wewe ni mrefu."

Hapo tukashika wimbo, banda zima: "Nyuma! Nyuma! Mrefu nyuma!"

Nyapara akamgeukia mwalimu, akasema polepole, "Kesho utachukua kikapu, mama. Unarudi kwa pareto."

"Nimesikia, Mzee," mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Hata sisi tulielewa.

Ndipo gari la memsabu, ambaye hakujua habari ya bakuli lile, likasikika likipanda kilima.

Nyapara alikuwa amewatumikia mabwana watatu katika shamba lile, na huwezi kudumu hivyo ukiwa mzito wa kufikiri. Alichovya mikono kwenye karai la maji, akakimbia, koti likipepea, akasimama nyuma yangu. Nilisikia harufu ya ugoro shingoni.

Memsabu akashuka na mbwa wake, akatazama mstari. "Nyapara! Wewe nafanya nini?"

"Nafundisha watoto, Memsabu. Nasimama kwa mstari."

"Mzuri sana! Mzuri kabisa! Kila siku wewe nasimama hivi. Watoto naona, watoto nafuata."

"Ndiyo, Memsabu. Kila siku."

"Na hii mwalimu, mzuri?"

Nyapara akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama sufuria.

"Mzuri, Memsabu," akasema, kama mtu anayemeza kwinini.

Uji uliishia kwangu. Askari akachungulia ndani ya sufuria, akamwambia mzee, "Umeisha. Kesho uwahi."

Basi akawa amejifunga mwenyewe. Kumfukuza mwalimu hakuweza, amemsifu. Kuruka mstari hakuweza, memsabu angetokea wakati wowote. Kila asubuhi alinawa, akasimama nyuma yangu, na uji ukaisha kabla ya kumfikia. Mama zetu walimwamkia njiani kwa upole mno. "Mzee, leo uji ulikufikia?"

Funguo za ghala, hata hivyo, zilikuwa mfukoni mwake. Asubuhi moja wanaume wawili walileta sufuria kubwa kuliko ile ya zamani, unga wa kuitosha, na debe la maziwa yaliyokuwa yakipelekewa nguruwe. Nyapara alikuja nyuma yao na bakuli lake. Alinawa, akashika nafasi yake.

Tulikula siku hiyo mpaka matumbo yakawa ngoma. Wadogo waliopakuliwa kwanza walikuwa wamelala tayari mstari ulipofika kwake. Mwalimu akampakulia mpaka ukingoni. Akaunywa wote palepale, amesimama, akanyoosha bakuli tena.

"Ongeza."

Mwalimu akaacha upawa ndani ya uji. "Kuna mtu nyuma yako, Mzee?"

Nyapara akageuka kuangalia, polepole, kana kwamba kweli huenda yupo.

"Hakuna, Mwalimu."

Akaongezewa.