Mstari wa Uongo katika Daftari la Mashine ya Moyo

Katika miaka yote niliyotumikia ofisi za umma hapa Nchelenge, kando ya ziwa, niliandika uongo mara moja tu. Wengi wameusimulia vibaya uongo huo, na kwa kuwa nimestaafu, sioni sababu ya kuwaacha waendelee.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulipewa mashine mbili za kushtua moyo, zawadi ya wageni waliopita. Moja ilitundikwa katika ukumbi wa mikutano, nyingine katika ofisi ya ushuru wa samaki, hatua chache kutoka majini. Usimamizi wake nilikabidhiwa mimi. Kila Jumatatu nilifungua kisanduku, nikatazama taa ya kijani, nikahakikisha kwamba mfuko wenye vibandiko viwili vya kifuani haujapasuliwa, kisha nikatia sahihi katika daftari lililoning'inia kando kwa uzi. Mtu yeyote aliruhusiwa kulisoma daftari hilo. Nililidai jambo hilo mimi mwenyewe.

Nilitumwa pia kuwaelimisha watu. Kule Kabuta, mbele ya wavuvi wetu na wachuuzi wa Kongo, nilizungumza Kibemba, kisha Kiswahili cha biashara, nikasema: "Mutu moyo yake ikisimama, hii mashine inaweza kumurudisha." Walipiga makofi. Nilirudi nimeridhika, wala sikujua nilikuwa nimewapa nini.

Asubuhi moja, kabla sijafungua dirisha la ofisi ya ushuru, watu wapatao ishirini waliingia wakisukuma baiskeli. Kwenye kibebeo, mahali pa vikapu vya samaki, walikuwa wamemfunga mtu kwa kamba. Nilimfahamu kwa sura: mchuuzi wa chumvi kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe, sikio limechanika, mkono umekunjika mahali pasipo na kiungo. Damu ilichuruzika kwenye spoku na kudondoka sakafuni.

Mbele yao alisimama mvuvi mwenye nyavu zake mwenyewe, mtu mpana mwenye kafi mkononi. Bapa la kafi hilo lilikuwa limenasa nywele.

"Mukwai," aliniambia, yaani bwana, kwa heshima ambayo hadi leo inanichukiza, "huyu aliiba nyavu zangu. Tulikuwa tunamuuliza muzuri, sasa amekufa hajasema. Umurudishe."

"Nani amemuua?"

"Hakuna mutu amemuua. Tulimupiga juu tulijua mashine iko. Weye mwenyewe ulisema, kule ku Kabuta. Bila ile, tungemupiga kidogo."

"Umurudishe hata dakika tano tu, mukwai," akaongeza mwanamke muuza samaki. "Aonyeshe kwenye aliweka. Kisha anaweza kwenda yake." Walicheka.

Niliamuru afunguliwe na kulazwa sakafuni. Nilipopiga magoti, niliona kifua chake kikipanda, kidogo sana, kama cha mtoto aliyelala. Mashine ile haikuwa ya mtu kama huyo, alihitaji daktari. Lakini ningesema yu hai, kafi lilikuwa tayari. Ningesema amekufa, maiti hupelekwa chumba cha maiti, na chumba cha maiti kimo ndani ya hospitali.

Ili waniamini, nikaupasua mfuko wa vibandiko, nasi hatukuwa na wa akiba, nikambandika kifuani. Mashine ikaanza kusema kwa Kiingereza. Palikuwa na dereva wa basi dogo la kwenda Mansa, aliyesoma kidogo, akawatafsiria wenzake.

"Inasema musimuguse."

Wote wakarudi nyuma, watu waliokuwa wamemgusa tangu alfajiri.

"Inasema haiwezi kumushtua."

"Juu ya nini?" akauliza mwenye nyavu.

"Haikusema. Inasema apime mushipa."

Macho yote yakanigeukia. Niliweka vidole viwili shingoni mwa yule mtu. Mshipa uligonga, haraka na kwa unyonge, lakini uligonga. Nikamtazama mwenye nyavu usoni.

"Hakuna," nikasema.

Aliinua kafi, akalishusha kwenye nyayo za yule mtu kwa nguvu zake zote. Ilisikika kama kuni inapasuliwa. Mguu haukutikisika. Akapiga tena. Mshipa uliruka chini ya vidole vyangu, mguu haukutikisika.

Nikasimama, nikachukua daftari, nikaandika tarehe na saa, kisha: Mashine imetumika. Mtu amekufa.

"Sasa majina ya waliomleta," nikasema. "Mmoja mmoja, pamoja na kijiji."

Mlango ulikuwa mwembamba kwao. Mwanamke aliacha ndara moja. "Miye nilikuwa natafsiri tu," alisema dereva, tayari yuko nje. Mwenye nyavu alitoka wa mwisho, kinyumenyume, akaliacha kafi lake.

Mimi na mlinzi wa ofisi tulimfunika yule mtu kitenge hadi usoni, tukamsukuma juu ya baiskeli ileile hadi hospitali. Njiani watu walivua kofia.

Baada ya siku nne aliweza kusema. "Nilisikia ukisema nimekufa, mukwai. Nikasema, huyu ni mutu ya serikali, tumutii."

Kama nyavu aliziiba au hakuziiba, sikumuuliza.

Wiki hiyohiyo mkubwa wangu wa kazi aliniita. Alikuwa na makosa yangu mawili mezani, kando ya taarifa ya hospitali: vibandiko kutumika kwa mtu aliye hai, na taarifa ya uongo katika daftari la umma. Aliniagiza niisahihishe siku hiyo. Nilimjibu kwamba mwenye nyavu alikuwa amekuja mara mbili kuusoma mstari ule, akiufuata kwa kidole, na kwamba mgonjwa bado hakuweza kusimama. Akasema daftari halimngojei mgonjwa. Nikakataa. Barua ya onyo ninayo hadi leo. Imeandikwa vizuri, na kwa mujibu wa kanuni haina kosa.

Uongo wangu ulikaa ukutani siku kumi na tisa. Siku ya ishirini nilisimama ufukweni hadi mtumbwi uliombeba yule mchuuzi ukawa doa. Kisha nikarudi ofisini, nikachukua rula na kalamu nyekundu, nikaukata mstari ule. Juu yake niliandika: Alikuwa hai. Nikatia sahihi.