Kisima cha Gelasius

Paskazia alizaliwa Ushirombo, akaolewa na Ngassa katika kijiji cha jirani na Maganzo, na kwa miaka kumi na moja aliwauzia wachimba almasi wa pale nyanya na kabichi. Mbegu za nyanya alizichagua mwenyewe. Aliiangusha nyanya mbivu toka usawa wa kiuno mpaka kwenye ardhi ngumu ya uani. Iliyopasuka ilikwenda mchuzini, isiyopasuka ndiyo iliyokamuliwa mbegu. Njia ya sokoni ilikuwa mashimo matupu, na nyanya za ganda laini zilifika zimekuwa uji.

Kiangazi cha mwaka 1977 alikuja mtu aitwaye Gelasius, na mashine ya kuvuta maji nyuma ya Landrova. Alisema atawaazima msimu mzima waijaribu, na kopo la mbegu za kisasa juu yake. Ngassa alikubali kabla mgeni hajamaliza chai. Paskazia alitazama makopo yake mawili ya kumwagilia, akaufikiria mgongo wake, naye akakubali.

Alianza na zile mbegu. Alihesabu ishirini, akazifunga kwenye kitambaa kibichi. Siku ya nane zilikuwa zimeota tano tu. Gelasius aliporudi, alimuuliza, kama mtu anayetaka kujifunza, miche ya nyanya hukaa kitaluni muda gani kabla ya kuhamishiwa bustanini.

“Siku nne tano hivi, mama.”

Paskazia alimshukuru. Siku ya nne mche wa nyanya hata haujachomoza. Mtu asiyejua hilo hakuja kwa ajili ya bustani.

Kisha likaja suala la kisima. Maji yasiyohitaji kuchimba kina kirefu yalikuwa kwenye matete, na kijiji kizima kilijua. Gelasius alitaka kichimbwe kwenye kona ya kijito, penye changarawe. Akaleta wachimbaji wake wawili, akamwambia Paskazia asijisumbue kufika huko mpaka kazi iishe. Wiki ikapita, mashine haijawashwa hata mara moja. Ngassa alishinda huko kila siku, na akirudi alikula huku ametazama pembeni.

Alasiri moja Paskazia alijitwika ndoo kama anayekwenda kuteka, akapitia nyuma ya majaruba ya mpunga. Shimo lilimfika mtu mabegani. Changarawe iliyotolewa ilikuwa imeoshwa na kutengwa, kubwa huku, ndogo kule. Ngassa alikuwa amekunja suruali, chekeche mkononi, akilitikisa majini kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Alirudi nyumbani akamngoja.

“Walinijia siku ulipokuwa sokoni,” alisema Ngassa alipobanwa. “Tukipata jiwe, theluthi ni yangu.”

“Askari wakija, shimo liko kwenye bustani ya nani?”

Ngassa alikuwa anajua kwamba kuchimba almasi bila kibali ni jela.

Kesho yake asubuhi waliongozana mpaka kijitoni. Paskazia alimwambia Gelasius afukie shimo na kuondoa mashine yake kabla ya adhuhuri, la sivyo anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Gelasius alimtazama Ngassa, Ngassa akatazama maji.

“Utamwagilia kwa mkono mpaka lini, mama?”

“Mpaka nipate mashine kwa mtu anayejua nyanya.”

Walifukia. Landrova ilipoondoka, Ngassa alichukua makopo yote mawili bila kuambiwa, na msimu ule hakumwachia mkewe hata moja. Nyanya zilikuwa nyingi. Paskazia hakumuuliza kamwe kama kuna jiwe lililopatikana kabla hajafika pale. Ila wakiwa sokoni Maganzo, akimwona mumewe anaongea pembeni na mtu mgeni, aliacha kuuza, akasimama akiwatazama mpaka waachane.