Mwezi Nusu wa Asubuhi

Mzee Dakika hakupewa jina hilo kwa kuchelewa. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, hakusema "kesho kutwa" kama mafundi wengine. Alisema Alhamisi, saa nane na dakika ishirini, na ukifika saa hiyo unaikuta juu ya kaunta imefungwa kwa karatasi. Baba yake alikuwa fundi saa katika chumba kilekile, na babu yake alianzia hapohapo kwa kukaza miguu ya miwani. Vizazi vitatu, na hakuna kazi iliyowahi kurudishwa kwa kuharibiwa. Si jambo la kujigamba, lakini si la kunyamaziwa pia.

Mwaka huo alikuwa na miaka sitini na minane. Alikwisha kukubaliana na binti yake mkubwa, fundi aliyemfunza kwa mkono wake mwenyewe, kwamba mwisho wa mwaka angemwachia duka. Hakuwa na mengi ya kumwachia: meza chini ya dirisha, makasha ya vigurudumu, na jina. Vigurudumu vinanunuliwa.

Ndipo akaja Mwalimu Mkuu. Alikuwa amestaafu, lakini hakuna aliyemwita vingine. Mwanamke aliyenyooka kama rula. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule waliwahi kusimama mbele ya meza yake wakitafuta la kusema. Saa ya marehemu baba yake, saa ndefu ya kabati inayomzidi mtu kimo, ilikuwa imesimama. Aliitaka itembee, na mwezi wake utembee pia.

Kwa maana saa ile ilikuwa na mwezi. Juu ya namba palikuwa na dirisha dogo la upinde, na nyuma yake sahani ya bati iliyochorwa miezi miwili yenye macho na midomo. Sahani ilikuwa na meno mia moja na kumi na nane, na kila saa kumi na mbili ilisogea jino moja. Mwezi uliibuka nyuma ya kilima cha shaba upande wa kushoto, ukajaa ulipofika katikati, kisha ukazama nyuma ya kilima cha kulia, na mwenziwe akaanza safari. Mzee Dakika alikuwa amefungua saa maelfu, ila yenye mwezi hii ilikuwa ya kwanza. Hakumwambia mtu. Aliitazama akaielewa, akanyoosha jino moja lililopinda, akaisafisha yote.

Saa nyingine zote alizijaribu dukani siku saba kabla hazijatoka. Hii dari ya duka haikuiruhusu kusimama, basi aliipeleka kwa mwenyewe ikiwa vipande, akaiunga palepale sebuleni. Ilipofika saa tatu asubuhi kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kuuweka mwezi mahali pake. Mwalimu Mkuu akavuta pazia. Ule pale, juu ya paa la jirani, umepauka kama chaki iliyofutwa vibaya: nusu kamili. Mzee Dakika akasukuma sahani mpaka nusu ya uso ikachomoza kwenye kilima cha kushoto. Binti yake, aliyemshikia tochi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama nusu ile ilikuwa ya kukua au ya kupungua.

"Nusu ni nusu," alisema.

Mafundi saa wana mwenendo wao. Ndani ya mlango wa kabati, mahali mwenye saa haangalii, kila fundi huandika kwa penseli tarehe, kazi aliyoifanya na jina lake, ili atakayefungua baada yake ajue anamfuata nani. Palikuwa na majina manne. Mzee Dakika akaandika la tano, na juu yake: Mwezi umewekwa sawa.

Siku ya nane Mwalimu Mkuu alifika dukani kwa miguu, mwavuli mkononi. Alipokaribishwa kiti hakukaa. Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba mwezi wa saa umejaa na unamchekea tangu juzi, na nje ni giza tupu, hata ukucha wa mwezi hauonekani.

"Fundi, kati ya hiyo miwili, mwongo ni upi?"

Mzee Dakika akaomba wiki moja. Alipoulizwa siku gani na saa ngapi, alirudia wiki moja, na binti yake akainamisha kichwa juu ya kazi yake.

Ukuta kati ya duka lile na la kinyozi ulikuwa wa mbao, na kinyozi alikuwa na masikio ya kazi. Jioni hiyohiyo alichungulia mlangoni.

"Mzee, kumbe siku hizi unatengeneza mpaka mwezi? Jua likichakaa tulete hapahapa?"

Alipomaliza kucheka alikaa, akatoa ushauri, na ushauri haukuwa mbaya. Aseme gurudumu limelika. Saa ile ni nzee kuliko wote, nani atabisha, nani ataifungua akague? Kilichomsumbua Mzee Dakika ni kwamba uongo ule ungefaa. Mwalimu Mkuu angeukubali, mtaa ungeukubali. Mtu mmoja tu asingeukubali, binti yake aliyeyahesabu meno yote mia moja na kumi na nane akayakuta mazima, naye ndiye wa kurithi jina.

Siku zile alipata usingizi kidogo. Tangu shuleni alijua kwamba mwezi hupungua kwa kufunikwa na kivuli cha dunia, na saa yenyewe ilionekana kusema vivyo hivyo: mwezi wake haupungui, unafichwa na kilima. Sasa kivuli hicho kilikuwa wapi?

Siku ya saba, saa kumi alasiri, alikuwa uani akikausha kitasa cheupe cha kuvutia mtoto wa meza, cha kaure, mviringo na kidogo kama limau. Alikiinua kuangalia kama kina ufa. Jua lilikuwa mgongoni kwake, upande wa magharibi. Mbele yake, mashariki, juu ya kamba ya nguo, palikuwa na mwezi nusu, na kando yake, kati ya vidole vyake, kitasa nusu. Upande uleule uling'aa, upande uleule ulikuwa na giza.

Akageuka polepole, mkono umenyooshwa. Kitasa kilipoelekea jua, alibaki na upande wa giza peke yake. Alipolipa jua kisogo, na kukiinua kisizibwe na kichwa chake, kilijaa chote. Kitasa hakikufunikwa na chochote. Muda wote jua lilikiangaza nusu, na yeye alikuwa akiona sasa kipande, sasa yote, kwa kadiri ya alipokishika. Na jua lile pale, mwezi ule pale, dunia iko chini ya viatu vyake. Kivuli cha dunia kisingefika kule.

Lililofuata lilikuja lenyewe. Mwezi unaokua hulifuata jua, ndiyo maana unaonekana alasiri na jioni. Unaopungua hulitangulia, na huo ndio unaochelewa kuondoka asubuhi. Ule wa juu ya paa la jirani ulikuwa unakwenda kwisha, naye akauweka kama unaoanza.

Akamwita binti yake, akamwonyesha. Kisha akamuuliza kama alijua.

"Nilijua nusu ziko mbili, baba. Sababu sikuijua."

"Mbona hukunikazania?"

"Ulikwisha sema."

Kesho yake alasiri walikwenda pamoja. Kabla ya kukaribishwa kiti Mzee Dakika alisema gurudumu ni zima, saa ni nzima, kosa ni lake, tena mwezi haupunguzwi na kivuli cha dunia. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kosa amelipokea, lakini habari ya kivuli asimfundishe. Amewafundisha watoto kivuli cha dunia miaka thelathini na mmoja. Mzee Dakika akamwomba atoke barazani, akamkabidhi kitasa. Mwezi ulikuwa umezidi nusu kidogo. Mwalimu Mkuu alikiinua, akageuka, akageuka tena.

"Mmoja wa watoto wale sasa ni rubani," alisema mwishowe.

Mzee Dakika akasukuma sahani meno ishirini na tisa. Alipofungua mlango wa kabati, Mwalimu Mkuu aliyasoma maandishi kwa mara ya kwanza, akaenda kuleta raba. Afute yale, aandike upya, nani atajua? Mzee Dakika alimshukuru, akaiweka raba juu ya meza, akaandika chini ya maneno yake ya kwanza: Niliuweka kinyume. Nimesahihisha. Kisha akampa binti yake penseli aandike jina lake naye.

Wiki ile kinyozi aliipata habari, akaja kuichimba kwa binti. Je, ni kweli mzee aliukosea mwezi?

"Kweli," alisema binti, bila kuinua jicho kwenye lenzi. "Ameiandika mwenyewe, tarehe na jina."

Kinyozi akaivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akauliza kama inaweza kuwa tayari Ijumaa.