Blanketi la Marehemu Ndani ya Mfarishi

Kwa jina la Mola mwenye kuhifadhi, nawasalimu, ndugu zangu.

Leo nililikataa blanketi la marehemu.

Jirani yangu, Mama Riziki, aliniletea nilitie ndani ya mfarishi ninaomshonea mjukuu wake mchanga. Nilikwisha kuchagua pamba mpya ya kuujazia. Blanketi huwa zito, sindano ya mkono hukwama.

"Apana, Bibi. Mi nataka mutoto alale na baba yake."

Baba huyo, mwanawe, aliuawa kwa risasi huko Kibenga kabla mtoto hajazaliwa.

Nikajaribu sindano, nikitarajia ikwame. Ikapita taratibu. Blanketi lilikuwa limefuliwa mpaka likalainika kama shashi.

"Sindano imekubali. We tu ndiye mugumu!"

Alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Pamba nimeirudisha kabatini.

Mola awafunike kwa rehema, ninyi na wote walalao nyumbani mwenu.