Watani Hao, Waacheni

Karafuu mbichi ikivunjwa kwenye kikonyo chake hutoa harufu inayopanda puani mpaka machoni, na msimu ukikolea harufu hiyo huingia kila mahali: kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye wali, hata kwenye mto wa kulalia. Wageni huisifu. Wanashuka bandarini, wanavuta pumzi, wanasema, ah, Pemba inanukia. Mimi huwaacha waseme. Mimi ni mtoto wa Chake Chake, nimezaliwa Madungu, na harufu ya karafuu mbichi hunirudisha kwenye ua wa Mjomba Hamadi kule Ole, nina miaka tisa, nimesimama na mkeka uliolowa kichwani, na watu wazima wamekaa na vikombe vyao vya chai, wananicheka. Sikuwa na pa kwenda. Mama alikuwa mjamzito, miguu imemvimba, daktari amemwambia alale tu. Baba alikuwa Tanga kikazi. Skuli zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchumaji. Nikapelekwa Ole kwa kaka yake Mama, nikaambiwa nitarudi karafuu zikimalizika.

Kwa Mjomba nilimkuta Bibi, mama yake Mama, na Raya, binti pekee wa Mjomba, aliyenizidi miaka mitatu. Kwa mila zetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na watani wana ruhusa zao. Mtani anaweza kukuita sura mbaya mbele ya wageni, akakunyang'anya samaki sahanini, akatangaza kwamba mahari yako ni kuku mmoja tena mwenye kideri, nawe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye usiye na adabu. Ni mila nzuri, nasema kwa dhati ya moyo wangu. Nimewaona watani wakiingia kwenye msiba na upuuzi wao mpaka wafiwa wakala chakula walichokikataa siku nzima. Lakini kwa Raya mila ile ilikuwa kibali, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiria kutazama kibali hicho kinatumiwaje.

Tulilala chumba kimoja, Bibi kitandani, mimi na Raya chini, kila mtu na mkeka wake. Asubuhi ya mwanzo mwanzo niliamka nikajikuta nimelowa kuanzia kiunoni mpaka magotini. Sijawahi kuwa kikojozi, hata nilipokuwa mdogo. Kabla sijajua la kufanya, Raya alikwishasimama mlangoni, anaita kwa sauti ya kuita mtu shamba: "Jamani njooni! Mtani wangu kafungua bomba!" Wachumaji walikuwa uani wanakunywa chai na muhogo kabla ya kuingia mikarafuuni. Wakacheka. Raya akaukunja ule mkeka, akanitwika kichwani, akanizungusha uani huku akiniimbia wimbo wa kikojozi alioutunga mwenyewe, jina langu likiwa ndani yake: Zuwena, Zuwena. Halafu mkeka ukaanikwa juu ya ua wa makuti, upande wa njiani, ili na wapita njia wauone. Bibi akapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Watani hao," akasema, "waacheni."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa yake. Niliacha kunywa chai ya jioni. Nikaacha na maji kabisa tangu adhuhuri, kichwa kikawa kinanigonga, midomo ikakauka, na bado naamka nimelowa. Nilijaribu kukesha, lakini mtoto aliyeshinda juani anaokota karafuu chini ya miti, na jioni anachambua makonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi, atakesha vipi? Asubuhi moja nikaamka mara tu baada ya adhana ya alfajiri, na yale majimaji yalikuwa baridi. Baridi ya kunitia ganzi! Na Raya alikuwa macho, anacheka ndani ya shuka. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka kwanza kumtilia Bibi maji ya kutawadhia, na mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa pale pale kwenye pembe ya chumba, na kata yake ya kuchotea juu. Nikamkimbilia Bibi kwenye msala wake wa kuswalia nikamwambia, "Bibi, si mkojo. Ni baridi. Raya ananimwagia maji." Bibi akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinikata kuliko kicheko. "Mkojo ukikaa unapoa, mwanangu," akasema. "Na kama kakumwagia, nawe mmwagie. Si mtani wako?"

Nikajaribu kwa Mjomba. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, anayependa watoto, na ndiyo maana ilikuwa vigumu zaidi. Nilimkuta anageuza karafuu kwenye majamvi. "Mjomba, Raya ananionea." Akasimama, akaweka mikono kiunoni, akamwita Raya kwa sauti kubwa ya kuigiza hasira: "We Raya! Mtani wako kaja kushtaki!" Raya akaja mbio, akapiga magoti, akajifanya analia, akaniomba radhi kwa majina ya babu zetu wote waliokufa, na kila mtu akaangua kicheko. Mimi nikabaki nimesimama katikati. Ukitaka kujua kufungwa kukoje, si lazima uone chuma. Mimi nilikuwa kwenye ua usio na mlango, nakwenda nitakako, na kila niliyemfuata aniokoe alikuwa anacheka.

Bwana Faki, jirani, alikuwa akienda Chake kwa baiskeli mara kwa mara. Nilimngoja njiani, nikamshika usukani. "Bwana Faki, mwambie Mama aje anichukue. Mwambie Raya ananitesa." Aliahidi, na ahadi aliitimiza. Jioni alirudi na furushi dogo la mkate wa kumimina na salamu kutoka kwa Mama: nimsaidie Bibi, nisiwe mnunaji, nicheke na wenzangu. "Kacheka mamako!" akasema Bwana Faki kwa furaha. "Nilipomsimulia visa vyenu kacheka, akasema ule uvimbe wa miguu umepungua." Niliula ule mkate nyuma ya kisima, peke yangu, na nilimchukia Bwana Faki, na nilimchukia Mama, na baada ya hapo nikaanza kujichukia mimi. Maana hapo ndipo lilipotokea lile baya kuliko yote. Nikaanza kuamini. Nikasema moyoni, watu wote hawa hawawezi kukosea; labda kweli ni mimi, labda najikojolea na sijijui, labda nimeugua na ndivyo nitakavyokuwa mpaka uzeeni. Nikawa naubeba mkeka mwenyewe kabla sijatwikwa. Nikawa nauanika mwenyewe.

Katikati ya msimu Mjomba alimleta kutoka Unguja mke wake mpya, aliyemwoa miezi michache nyuma. Mamake Raya alikuwa ameachwa mwaka uliotangulia, akaolewa Mgogoni, na Raya hakupelekwa kwake. Leo nikiwa mtu mzima naliona hilo lilivyomkaa kifuani Raya, msichana wa miaka kumi na miwili, ameachwa na mama, na nyumba inajaa wageni anaotakiwa kuwachekea. Naliona na namhurumia. Siku zile sikuliona, na hata ningeliona lisingenikausha mkeka. Mke huyo aliitwa Bi Sada. Alikuwa na mimba changa na karafuu zilimchefua vibaya mno, akawa anatembea uani ameziba pua kwa kanga, na watu wakamcheka na yeye pia, kwamba mwanamke gani huyu anakuja Pemba hataki karafuu.

Asubuhi moja Bi Sada alipita karibu na ua wa makuti, nami nimesimama hapo naunyoosha mkeka wangu. Raya anaimba, wachumaji wanatafuna muhogo. Bi Sada akasimama ghafla. Akaitoa kanga puani, akauinamia mkeka, akavuta pumzi, akavuta tena.

"Nani kasema huu mkojo?"

"Zuwena huyo, kikojozi wetu," Raya akajibu.

"Mimi hali niliyonayo, jirani akienda chooni naisikia harufu humu ndani. Hapa hapana mkojo. Hapa nasikia ubani." Akageuka kumtazama Bibi. "Mama, mtungi wa maji unaofukizwa ubani si ule wa chumbani kwenu?"

Sisi wengine wote pua zetu zilikuwa zimekufa kwa karafuu. Tungeweza kulala juu ya samaki aliyeoza tusijue. Bibi alikuja akanusa, hakusikia kitu, lakini aligeuza uso wake taratibu kwa Raya, na Raya hakuweza kujizuia, akacheka huku ameziba mdomo. Nilijua yamekwisha. Nilijua sasa watanikumbatia, wataniomba radhi, Raya atachapwa, nitapelekwa nyumbani kwa mama yangu. Na hapo Mjomba Hamadi akapiga mapaja yake kwa viganja, akaangua kicheko ambacho sijakisahau. "Lo! Kumbe! Mwezi mzima! Zuwena, mtani kakuweza!" Wachumaji wakashikana mabega wakicheka. Bibi naye, masikini, akacheka. Ukweli ulikuwa umetoka mbele ya watu wote, na ulikuwa unachekesha kuliko uongo.

Bi Sada peke yake hakucheka. "Baba Raya, wacheka nini?"

"Watani hao, wewe hujui," Mjomba akasema akijifuta macho. "Huyu wa kwangu, huyu wa dada yangu."

"Hata kwetu watani tunao. Mtani akikutania nawe unamtania, mnacheka nyote. Mtazameni huyu mtoto. Lini mmemwona anacheka?"

Wakanitazama. Sitasema kwamba nilifurahi. Niliona haya, nikatamani ardhi ipasuke. Bi Sada hakungoja jibu. Aliukunja mkeka ungali na maji, akauweka kwapani, akanishika mkono. "Utalala chumbani kwangu," akasema. Mjomba msimu ule alikuwa akilala barazani kulinda karafuu, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Alasiri akaniketisha karibu naye, kanga puani, tunachambua, akasema, "Haya, nambie. Toka mwanzo." Nikamwambia. Nilikuwa nikitua kila baada ya maneno mawili nikingoja acheke, au aniambie nisijali, au nami nimfanyie mwenzangu. Hakusema lolote katika hayo. Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe wataka nifanye nini?" Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema sitaki Raya aimbe ule wimbo. Alimwita Raya ndani wakakaa muda mrefu, na walichozungumza sikijui mpaka leo; nilimwona tu Raya akitoka na macho mekundu, na jioni hiyo Bi Sada akamsuka nywele. Wimbo haukufa moja kwa moja. Nyuma ya kisima, mbali na watu, niliusikia mara kadhaa. Lakini nilikuwa na mahali pa kwenda, na nikaanza kunywa maji tena.

Siku hizi mambo yana majina. Binti yangu yuko darasa la tano hapo hapo Madungu, na wana mwalimu wa ushauri nasaha, na uonevu wanafundishwa ni nini na mtu wa kumwambia ni nani. Nafurahi. Hata hivyo nikikaa na wazazi wenzangu naisikia sentensi ile ile ya ua wa Ole imevaa nguo mpya: ni utani tu wa kwenye simu, ni watoto tu hao, nasi si tulipitia hayo hayo na tukakua? Tulikua, ndiyo. Mimi mpaka leo, mwanamke mwenye watoto, nikiamka nyumba ya watu napapasa shuka kwanza.

Mwaka uliopita tulikuwa kwenye harusi ya mtoto wa Raya. Raya amekuwa mtu mzuri sana, na siyo kwamba namsifu kwa sababu ni ndugu; Mama alipokufa ni yeye aliyekaa na mimi mpaka arubaini. Tulikuwa wanawake tumezunguka sufuria za pilau, tunamenya vitunguu, watoto wametuzunguka, na Raya, mcheshi kama babake, akaanza kusimulia. "Mnamwona huyu? Nilimlowesha msimu mzima wa karafuu!" Alisimulia vizuri mno, na kata, na mkeka, na Bi Sada na pua yake. Wanawake walicheka mpaka visu vikawaanguka. Binti yangu alicheka. Mimi niliendelea na kitunguu changu.

"Mbona Zuwena hucheki?" mmoja akauliza.

"Kwa sababu iliniuma," nikasema. "Iliniuma sana, Raya. Nilifikiri nitakufa."

Kicheko kikakatika. Raya aliweka kisu chini. Nilimwona usoni kwamba hakuwa akiigiza, kwamba jambo hili lilikuwa geni kwake kabisa, na macho yakamjaa maji. "Wallahi sikujua," akasema. "Zuwena, ndugu yangu. Mbona siku zile hukusema?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilisema kila siku. Mlikuwa mkicheka."