Urembo wa Punda Jike

Otilia Pushaina hakumwambia mtu kwamba macho yake yanakufa. Angemwambia nani? Binti yake alikuwa mjini Maicao akiuza nguo, na majirani midomo yao haina kufuli. Akanyamaza, akawa anakwenda kisimani na zizini kwa mazoea tu.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja. Urembo wa mikoba ya ukoo wao, aliofundishwa na mama yake, ulibaki kichwani mwake peke yake. Binti yake alikimbilia mjini bila kuujifunza. Sasa mjukuu, Yorleni, alikuwa amevunja ungo, akaletwa awekwe ndani kama wanawake wote wa kabila lao la Wayuu: anyolewe nywele, anywe dawa za miti, afundishwe kufuma. Mwali huyu akitoka bila kuujua, basi tena, umekwenda.

"Bibi, urembo huu unaitwaje?"

"Tupu ya punda jike."

"Nini?"

"Umesikia. Mtazame punda kwa nyuma, utauona."

"Mungu wangu! Shuleni wakiniuliza nisemeje?"

"Loo! Maji aliyobeba punda mmeyanywa miaka yote bila haya, leo tupu yake ndiyo unaionea haya?"

Yorleni akacheka, akashika sindano. Otilia akawa anamtajia kwa kichwa: nyeusi, nyeusi, nyekundu, rudi. Mtoto akiitikia, "Ndiyo Bibi, ndiyo Bibi."

Mkoba ulipokwisha, Otilia akaupapasa. Mishono ilikuwa imekaza, haina fundo. "Ahaa! Mkono wa mama yangu huu! Punda wetu amekaa sawasawa." Machozi yakamtoka.

Yorleni hakusema kitu. Ilikuwa ajabu, maana mdomo wa mtoto yule haukujua likizo.

Baada ya chakula Otilia alijilaza, akasikia uzi ukivutwa, ukivutwa, hauishi.

"Unafumua nini wewe?"

"Mstari mmoja, Bibi. Nimekosea."

"Mstari gani huo usio na mwisho?"

Mtoto akaanza kulia. "Nilifuma maua, Bibi. Kama ya dukani Maicao. Nilijua utanigombeza, nikajiandaa. Ukalia kwa furaha." Akavuta kamasi. "Bibi, huoni?"

"Sioni."

Hasira zilimpanda Otilia. Maua angeyasamehe. Kuyalilia ndiko kulikomuuma. Akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka mbuzi waliporudi.

"Nitajie tena," Yorleni akasema. "Toka mwanzo. Nami nitakwambia kila rangi ninayoiweka."

"Na ukinidanganya tena?"

"Hutajua, Bibi."

"Kweli. Sitajua."

Akakaa kitako, akamtajia. Angefanyaje?

Siku ya mwali kutoka, watu walijaa, uji wa mahindi uliochachuka ukazunguka, ngoma ikalia. Yorleni, kama ilivyo desturi ya ngoma hiyo, alicheza akamfukuza kijana wa watu mpaka kijana akala mwereka. Otilia hakufurahia hata kidogo. Alikaa ameshika magoti, maana alimsikia dada yake Griselda akija. Griselda mikono yake haikuwahi kusikilizana na uzi, lakini urembo wa mama yao aliujua kwa macho, na ulimi wake haukumstahi mtu.

"Hebu lete mkoba huo, mwali. Enhe! Urembo gani huu? Sema kwa sauti, tusikie sote."

Vijana walikuwa wamesimama palepale. Ngoma nayo ikanyamaza.

"Tupu ya punda jike!" Yorleni akapaza sauti. "Ya kwetu, Pushaina!"

Watu walivunjika mbavu. Kijana mmoja akapaliwa na uji.

"Ndiyo yenyewe, jamani," Griselda akasema, akiugeuza mkoba juani. "Punda akipita hapa ataijua."

Yorleni akaja akamwekea bibi yake mkoba mapajani. Otilia akaupapasa, akacheka, akalia tena, na safari hii hakuona haya.