Kupima Filamu kwa Mukono

Bei ya zile filamu ni mi niliyeipandisha. Nasema mapema ili muntu asitafute mwingine wa kulaumu. Mudomo uliponza kichwa, bazee balisema, na changu kimeponzwa mara nyingi.

Nimefundisha shule ya musingi hapa Fizi miaka mingi, na mwalimu hawezi kuona kitu kisichoelezwa akanyamaza. Siku moja niliteremka Baraka, muji wa kando ya ziwa, kutafuta betri za radio. Sokoni kuna mama moja anayeuza vitu vya zamani: chaja, vitasa, tochi, radio zisizolia. Mezani pake nikakuta boksi la karto lenye bobini ndogo za plastiki, zimezungushiwa filamu nyembamba, upana wake haufiki ukucha wa kidole gumba. Alizipata kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa. Alikuwa anazikata na mukasi, anaziuza kwa mukono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa bantu ba mashamba ya mupunga. Ukizitundika juu ya fito zinang'aa, ndege zinakimbia.

Nikashtuka. Nikamuambia hizi ni sinema za nyumbani, kuna bazungu banazikusanya, na siku hizi bei inapanda kila mwaka. Nilikuwa nimeyasoma kwenye telefone ya binti yangu. Niliongea kama niko mbele ya ubao. Yule mama alinisikiliza vizuri sana, akaweka mukasi chini, akafunika karto na kitenge.

Kabla hajamaliza kufunika, nikaona bobini moja imeandikwa kwa wino, kwa Kifaransa, kwamba ni komunyo ya kwanza ya Fizi, mwaka ule nilioipokea mi.

Padri wetu wa zamani alikuwa na kamera ndogo iliyolia kama cherehani, na siku ya komunyo yangu alitupiga filamu sote, batoto mustarini na bazazi nyuma yetu. Mama yangu alikuwa nyuma yangu. Alifariki ukimbizini, ng'ambo ya ziwa, na picha zetu zote ziliungua pamoja na nyumba. Sura yake imenipotea. Nakumbuka mikono, nakumbuka alivyokohoa kabla ya kugombeza. Uso, hapana. Muntu anazeeka, anamusahau mama yake, na hakuna anayekuonya mapema.

Nikauliza bei. Akasema atafikiri kwanza.

Juma lililofuata bei ya ile bobini ilikuwa dola kumi. Alikuwa amepata mununuzi wa Bujumbura, banatumiana picha kwa telefone. Nikarudi na kumi, nikakuta ishirini na tano. Nikarudi tena, nikakuta sitini. Kila mara ni pikipiki, vumbi, mugongo unauma, halafu nafika na bei ya juzi. Mushahara wa mwalimu munaujua.

Sikumukasirikia. Nyumba yake ilikuwa inavuja, batoto bake balilala bamebanana kwenye kona moja iliyo kavu. Alikuwa amehesabu kwamba bobini sita zilizobaki nzima zitamupa mabati, na alishayaita "mabati yangu" kama yako tayari juu ya nyumba.

Niliporudi tena nilikuwa na dola kumi na mbili, na nilikuwa nimechoka. Nikamuambia mama yangu yumo ndani, akanihurumia. Akaivuta filamu pole pole, mi nikaishika juani na miwani ya kusomea. Picha zilikuwa kama punje za mahindi. Mashati meupe, mashati meupe, halafu mwanamuke mwenye kitenge, mukono wake juu ya kichwa cha mutoto, na mutoto yule ni mi.

Yule mama akachukua mukasi.

"Mwalimu, nikukatie kiasi gani?"

Nilijua. Banaokusanya banataka kitu kizima. Ukiikata, wa Bujumbura ataiacha. Mi niliyemufundisha yote bila kuulizwa, hilo moja sikulisema. Nikasema mukono moja tu. Akapima kwa kiwiko chake, akakata, akaongeza kidogo ya matabishi, kama kawaida ya muuzaji mwenye roho nzuri.

Nyumbani niliazima kioo cha kukuza. Mama yangu alikuwa na paji pana, na mwanya kwenye meno ya mbele. Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka binti yangu akaja kuuliza nani amekufa.

Baada ya hapo nikaanza kununua betri soko la Nundu, mbali zaidi na ghali zaidi. Lakini Baraka utaikwepa mpaka lini? Mwishowe niliteremka kwa kazi ya shule, akaniona toka mbali, akaniita.

Mununuzi alikuwa amekuja. Alifungua ile ya komunyo kwanza, akafika pale palipokatwa, akasema basi hata zingine haziamini, hakueleza kwa nini. Akaondoka bila kununua hata moja. Yule mama hakujua ni sababu ya mukasi. Kwake, mununuzi alikuwa muongo tu kama bengine. Kisha akainama chini ya meza, akatoa bobini, akaipangusa na nguo yake.

"Chukua, Mwalimu. Haina bei tena. Na ni mama yako."

Nilikuwa na nafasi yote ya kusema kwamba nilijua. Soko lilikuwa limetulia, hatukuwa na haraka, na alikuwa ananiangalia kwa upole. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti.